Panya wa Nyumbani, na Jinsi ya Kuwaondoa Pasipo Ukatili

Katika wanyama wote wakaao karibu na mwanadamu, hakuna amfuataye kwa ukaidi kama panya. Mbwa aliitwa, paka alikaribishwa, kuku alifungwa miguu akaletwa kutoka gulioni. Lakini panya alikuja mwenyewe, wala hakungoja kualikwa. Mtu akijenga nyumba mpya, kabla chokaa haijakauka panya amekwisha kuizunguka, akitafuta ufa. Akihama na mizigo yake, panya huhama naye ndani ya gunia. Ndivyo panya mdogo wa nyumbani alivyovuka bahari: zamani sana alitoka katika nchi za Asia, akaingia majahazini na merikebuni pamoja na nafaka, akaenea duniani mote.

Watu wengi huita kila mnyama wa namna hii panya, na jina hilo halina kosa. Lakini atakaye kumwondoa yampasa kwanza ajue ni panya yupi. Yuko panya mdogo wa nyumbani, mwenye masikio makubwa na mkia upatao urefu wa mwili wake. Uzito wake ni gramu 12 mpaka 30 tu. Yuko panya wa darini, mkubwa zaidi, ambaye mkia wake hupita urefu wa mwili, na ambaye hupanda ukuta na kamba kama baharia. Tena yuko panya wa shamba, aingiaye nyumbani hasa mavuno yanapoletwa. Jike lake laweza kuwa na chuchu 24, na kwa kutazama hesabu hiyo mtu hujua jinsi azaavyo. Buku, yule panya mkubwa sana wa msituni, si wa kuhesabiwa hapa, ingawa naye mara nyingine huonekana karibu na ghala.

Panya mdogo hubeba mimba muda wa siku 19 mpaka 21. Huzaa watoto watano, sita, hata wanane kwa mara moja, na watoto hao wakitimiza majuma sita wako tayari kuzaa nao. Kwa hiyo mtu asemaye, "Nyumbani kwangu yuko panya mmoja tu," kwa kawaida hujidanganya. Tena meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Asipotafuna, yatakuwa marefu mno hata ashindwe kula. Atafunapo mlango au waya wa umeme hafanyi ubaya kwa kusudi, bali hulazimika. Naye hupita katika tundu dogo ajabu: penye upana wa milimita 6, ndio unene wa kalamu ya risasi, panya mdogo aweza kupenya.

Watu wa pwani husema kwamba panya huuma na kupuliza, yaani amng'atapo mtu aliyelala kisigino, hukipuliza ili mtu asisikie maumivu. Kwa kweli panya hapulizi kitu. Ngozi ya kisigino cha mtu atembeaye peku ni nene na ngumu, na mwenye kulala usingizi mzito hasikii. Lakini usemi ni mzuri, nao umekaa katika lugha kwa watu wenye tabia ya namna hiyo.

Hasara ya panya haipimwi kwa chakula alacho. Panya mdogo hula kama gramu tatu tu kwa siku. Kibaba kimoja cha mtama chamtosha siku nyingi. Lakini katika siku hiyo moja hudondosha mavi 50 au zaidi, na mkojo kila apitapo, hata kile alichokiacha hakifai kuliwa. Halafu yako magonjwa. Viroboto wa panya huchukua tauni. Jambo hilo lilivumbuliwa na daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, katika nchi ya India mwaka 1898. Wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, iliteswa na tauni kwa miaka mingi tangu mwaka 1980. Tena iko homa ya mgunda, ambayo vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya na wa wanyama wengine, vikaingia mwilini kwa njia ya maji machafu na michubuko ya ngozi. Homa hiyo iliua watu watatu katika mkoa wa Lindi mwaka 2022. Wala haiwachagui wanadamu. Mbwa pia huugua, na wengine hufa.

Basi panya hana budi kuondoka. Hilo halibishaniwi. Linalobishaniwa ni njia, na hasa katika nyumba yenye wanyama wengine.

Kwa mfano, ifikirike nyumba moja kando ya mji wa Morogoro, kama zilivyo nyingi pale. Ndani yake yuko bibi na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili. Wana paka mmoja wa rangi ya majivu, mbwa wa kulinda aitwaye Simba, kuku wapatao kumi, na sungura wawili katika tundu nyuma ya jiko. Msimu wa mahindi umekwisha, na magunia matatu yamesimama chumbani. Usiku darini husikika mbio, kama watoto watokao shuleni. Asubuhi gunia moja limetobolewa chini, na unga wa mahindi umemwagika sakafuni.

Mara nyingi jambo la kwanza katika nyumba kama hiyo ni kutuma mtoto dukani kununua sumu ya panya. Sumu ni rahisi, nayo huuzwa hata njiani na wachuuzi. Hapo ndipo penye hatari. Sumu nyingi za panya ni za namna ile inayozuia damu isigande. Ya kwanza ya namna hiyo, iitwayo warfarini, ilianza kutumiwa kuua panya mwaka 1948, na zilizokuja baadaye zina nguvu kuipita sana. Panya alaye sumu hiyo hafi usiku ule. Hukaa siku tatu, nne, hata saba, damu ikivuja ndani ya mwili wake polepole. Katika siku hizo huwa mnyonge. Hutoka nje mchana kweupe, akitembea kama mlevi. Paka anapomwona panya wa namna hiyo hana haja ya kuwinda. Humla, na sumu iliyokuwa katika ini la panya huingia katika mwili wake. Mbwa naye huweza kula mzoga, au kuila sumu yenyewe, kwa kuwa hutengenezwa pamoja na nafaka na mafuta ili ipendeze. Bundi pia hufa kwa njia hiyo, naye ni hasara kubwa. Maana bundi mweupe mwenye uso kama moyo hula panya kila usiku, wala hadai mshahara. Wako wanaompiga mawe kwa kuwa husema ni ndege wa nuksi. Afadhali wangempiga mawe yule anayemwaga nafaka uani.

Mnyama aliyekula sumu ya namna hii hujulikana kwa ufizi uliopauka, uchovu, kuhema kwa shida, na pengine damu puani au katika mavi. Haifai kungoja wala kumnywesha maziwa kwa kudhani kwamba maziwa huua kila sumu. Apelekwe upesi kwa daktari wa mifugo pamoja na karatasi ya sumu ikiwapo. Iko dawa, nayo ni vitamini K, lakini hutolewa kwa majuma kadhaa. Ama zile chembechembe nyeusi zisizo na jina, zifungwazo katika vipande vya karatasi, ni mbaya kuliko zote. Nyingine ni dawa kali za shambani, ambazo zimekwisha kuua mbwa, na hata watoto.

Njia ya pili ipendwayo ni gundi ipakwayo juu ya ubao. Anayeiuza husema haina sumu, na katika hilo hasemi uongo. Lakini panya aliyenasa hapo hafi mara moja. Huvuta miguu hata ngozi ikachunika, hulia, hukaa usiku kucha na pengine siku ya pili, akifa kwa kiu na hofu. Tena gundi haichagui. Hunasa mjusi, ambaye alikuwa akila mbu, hunasa kifaranga, na paka akikanyaga, huikokota mpaka kitandani. Anayeona mnyama wake amenasa asivute kwa nguvu, bali apake mafuta ya kupikia polepole mpaka gundi ilegee, kisha amwoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu.

Mtoto wa nyumba ile alipoona panya ameanguka ndani ya ndoo tupu, alimwuliza bibi yake, "Shikamoo bibi. Nijaze maji nimzamishe?"

"Marahaba. La, mjukuu wangu," akajibu bibi. "Panya huogelea. Atazunguka humo muda mrefu akitafuta ukingo, nawe utasimama ukimtazama. Kama ni wa kufa, na afe mara moja."

Neno la bibi ni la haki, na ndilo kipimo chema katika jambo hili. Panya husikia maumivu kama paka na sungura wanavyosikia. Haki ya mwenye nyumba ni kumtoa nyumbani mwake. Kumtesa si sehemu ya haki hiyo.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote haina mtego ndani yake. Ni kumnyima panya chakula na mlango. Nyumba isiyo na chakula cha kuokota haikaliwi na panya, hata ikiwa haina paka. Mahindi, mtama na maharage yafaa yawekwe katika pipa la bati lenye kifuniko kizito, au katika madebe. Ndoo ya plastiki ni afadhali kuliko gunia, lakini panya wa darini huitafuna. Kama nafaka ni nyingi, ghala lijengwe juu ya nguzo zenye urefu wa meta moja au zaidi, na kila nguzo ivishwe kofia pana ya bati iliyoinamia chini, ili panya apandaye afike hapo ashindwe kuendelea. Ghala lisiwe karibu na mti wala ukuta. Na ngazi iondolewe kila jioni! Watu wengi wametumia fedha kununua bati, kisha wakaiacha ngazi imeegemea ghala usiku kucha, na panya wakapanda kwa raha kama wageni wa arusi.

Katika nyumba yenye wanyama, lakini, chakula cha panya hakiko ghalani tu. Kiko katika bakuli la paka. Mtu awekaye wali na dagaa wa paka jioni, akaenda kulala, amewafuga panya pamoja na paka. Wanyama walishwe kwa saa maalumu, na kilichobaki kiondolewe kabla ya giza. Kuku wamwagiwe punje asubuhi, kiasi cha kumaliza. Zinazobaki uani usiku ni karamu. Banda la kuku na tundu la sungura viinuliwe kutoka ardhini, na chini yake pafagiliwe kila siku. Waya wa tundu uwe wa matundu madogo, kwa kuwa ule wa kawaida wa kuku hauwazuii panya. Huingia wakala chakula cha sungura, na panya wakubwa huweza kuwaua watoto wake. Bibi wa Morogoro alipotazama vizuri, aliona ya kuwa panya wake hawakuja kwa ajili ya magunia. Walikuja kwanza kwa pumba za sungura, ndipo walipoyagundua magunia.

Baada ya chakula ni milango. Mtoto alipewa kazi ya kunyunyiza majivu membamba kando ya kuta zote jioni, na asubuhi akasoma nyayo kama mtu asomavyo kitabu. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba; hufuata ukuta, sharubu zake zikigusa. Kwa majivu yale mtoto aliona matundu manne: moja chini ya mlango wa jiko, moja penye bomba la maji, na mawili juu, ukuta unapokutana na paa. Ili kujua tundu lipi latumika, alisokota karatasi akaziba kila moja. Karatasi iliyosukumwa asubuhi ilitoa ushahidi. Tundu kama hilo huzibwa kwa waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, ukashindiliwa ndani, kisha saruji juu yake. Udongo mtupu hautoshi, wala mbao. Chini ya mlango hupigiliwa ukanda wa bati, usibaki ufa wa kupitisha kalamu.

Lakini matundu yasizibwe yote kwa siku moja, kabla ya kuwatoa walio ndani. Panya waliofungiwa hufa ndani ya ukuta na kunuka, au hutafuna njia mpya. Zaidi ya hayo, viota vitafutwe kwanza, katika matambara na masanduku ya zamani. Jike likinaswa na watoto wake wangali wachanga, watoto hao, ambao hawafumbui macho kwa muda wa siku 13 au 14, hubaki kiotani wakifa njaa.

Mitego iliyo ya haki ni miwili. Wa kwanza ni mtego wa chemchemi unaobana kwa nguvu, uuao mara moja. Yafaa uwe mpya na wenye nguvu, kwa sababu mtego legevu huvunja mguu tu. Chambo kiwe kidogo, kama siagi ya karanga au kipande cha dagaa kilichofungwa kwa uzi, na mtego ukae kukingama na ukuta, upande wa chambo ukiugusa ukuta. Penye paka na mbwa usiwekwe wazi kamwe. Uwekwe ndani ya sanduku la mbao lililofungwa, lenye tundu la kumtosha panya tu, nao ukae ndani kabisa, mbali kuliko mkono wa paka unavyofika. Panya mdogo ni mdadisi, hunasa upesi. Panya wa darini huogopa kila kitu kigeni. Kwake mtego huachwa siku kadhaa una chambo bila kutegwa, mpaka auzoee.

Mtego wa pili ni kizimba cha waya, kinasacho panya akiwa hai. Huu huonekana kuwa na huruma kuliko wa kwanza, nao ni hivyo kwa mtu mwangalifu tu. Kizimba kilichosahauliwa siku nzima juani ni ukatili mkubwa kupita chemchemi. Kitazamwe asubuhi na jioni, kitiwe nyasi kavu na chakula kidogo, kifunikwe kwa nguo ili panya asihangaike, na paka afungiwe mbali. Halafu huja swali gumu, la kumpeleka wapi. Akiachwa uani atarudi kabla mtu hajanawa mikono. Akipelekwa karibu na nyumba ya jirani, hilo ni kosa la adabu. Akipelekwa mbali porini, panya mdogo aliyezoea nyumba huenda akafa kwa njaa au kwa mwewe. Kwa sababu hiyo wako watu wema wanaoona kwamba chemchemi yenye nguvu ni huruma zaidi, nao wana hoja. Panya wa shamba aweza kuachwa vichakani, mbali na mazao ya watu. Lakini mahali palipopata kuwa na tauni panya hai asichukuliwe huku na huku kabisa. Na panya wakionekana wamekufa wengi bila sababu, wasiguswe, bali Bwana Afya aarifiwe siku ile ile, kwa kuwa viroboto huuacha mzoga uliopoa wakatafuta damu nyingine.

Na paka je? Wako wanaomnyima chakula ili awinde. Ni kosa. Paka huwinda kwa asili yake hata akiwa ameshiba; mwenye njaa huenda kuiba samaki kwa jirani. Katika nchi ya Eswatini wataalamu walipima mwendo wa panya katika miji ya wakulima kwa vigae vya kuonyesha nyayo, wakatoa habari zao mwaka 2017. Waliona ya kuwa penye paka peke yake, au mbwa peke yake, tofauti haikuwa kubwa. Bali palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walipungua katika kutembea na kula. Kumbe hofu hufanya kazi kuliko makucha. Hata hivyo paka alaye panya huweza kupata minyoo na vijidudu vingine, basi apewe dawa ya minyoo, na mwanamke mja mzito asishike mavi yake. Mbwa naye achanjwe homa ya mgunda, chanjo ikipatikana.

Mavi ya panya yasifagiliwe makavu, maana vumbi lake huingia puani. Hunyunyiziwa maji yenye sabuni na dawa ya kuua vijidudu, yakaachwa kidogo, kisha hufutwa kwa kitambaa, mikono ikiwa imevikwa mifuko ya plastiki. Mpaka sakafu ikauke, wanyama wafungiwe nje.

Katika nyumba ile ya Morogoro kazi ilichukua majuma matatu. Panya saba walinaswa kwa chemchemi, na mmoja kwa kizimba, ambaye mtoto alimbeba mpaka ng'ambo ya mto, akarudi kimya. Tundu la mwisho, lile la penye bomba, liliachwa wazi siku nne, majivu yakinyunyizwa mbele yake kila jioni. Asubuhi ya tano majivu yalikuwa laini kama yalivyowekwa, ila palipokuwa na nyayo za paka, aliyepita hapo kwenda kuota jua. Bibi akakoroga saruji.